Lancia Stratos Zero ya 1970: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu gari moja tu, kwa maana halisi: lilitengenezwa moja na halikupata pacha. Maswali tumeyapanga kwa jinsi yanavyoingia, kuanzia ya mgeni aliyeona picha jana hadi ya fundi anayetaka kujua injini ilikaa vipi. Mtengenezaji wa vinyago vya magari (magari madogo ya mfano) aruke hadi mwisho, vipimo vyake viko huko.

Stratos Zero ni gari gani hasa?

Ni gari la maonyesho lililotengenezwa na karakana ya Bertone ya Torino, Italia, na kuzinduliwa kwenye Maonyesho ya Magari ya Torino mwishoni mwa Oktoba 1970. Mchoraji ni Marcello Gandini, yuleyule aliyechora Lamborghini Miura kabla yake na Countach baada yake. Mkuu wa karakana alikuwa Nuccio Bertone. Lina nembo ya Lancia na injini ya Lancia, lakini Lancia hawakuliagiza. Ukilisahau hilo la mwisho, maswali mengine mengi hapa chini hayatakueleweka.

Vipimo: urefu milimita 3,580, upana 1,870, kimo 838, na kati ya ekseli mbili (mihimili ya magurudumu) 2,220. Kimo ndicho kinachowashangaza watu. Paa la gari hili limeizidi meza ya kulia chakula kwa sentimita chache tu.

Kwa nini Bertone alitengeneza gari la Lancia bila kuagizwa na Lancia?

Alikuwa anatafuta kazi. Kwa miaka mingi Lancia walizoea kumpelekea Pininfarina, mshindani wake wa mji uleule, kazi zao za bodi. Mwaka 1969 Fiat waliinunua Lancia iliyokuwa imeelemewa na madeni, na mlango uliokuwa umefungwa ukaanza kulegea. Wakati huohuo gari la mashindano la Lancia, Fulvia Coupé HF, lilikuwa limeanza kuchoka. Lilikuwa jepesi na hodari kwenye kona, lakini wapinzani walikuwa wanakuja na nguvu zaidi, na kila mtu katika fani alijua kwamba lingehitaji mrithi.

Kulikuwa na ushindani wa pili pia, wa wabunifu wenyewe. Mwaka 1968 Gandini alikuwa ametoa Alfa Romeo Carabo, kabari ya kijani yenye kimo cha milimita 990 na milango inayofunguka kwa kupanda juu. Machi 1970 Pininfarina wakajibu kwenye maonyesho ya magari ya Geneva kwa Ferrari Modulo, milimita 935. Miezi saba baadaye Zero ikaingia ikiwa chini ya Modulo kwa karibu sentimita kumi. Mashindano ya namna hiyo yana ukomo, kwa sababu dereva ana kichwa na gari lina magurudumu. Zero iliufikia ukomo huo, ndiyo maana baada yake hakuna aliyejitokeza kushindana kwa dhati.

Jina "Zero" lilitoka wapi?

Kwenye maonyesho lilikuwa linaitwa Stratos HF. Lilipokuja gari la pili lenye jina hilohilo, lile la mashindano, ikabidi la kwanza litofautishwe kwa kuitwa Zero. Wakati wa kazi mafundi wa Bertone walilitania pia kwa jina la "Stratolimite", yaani mpaka wa anga la juu.

Ndani mnaingiaje? Sioni mlango.

Milango ya pembeni haipo. Kioo cha mbele ndicho mlango. Utaratibu wake ni huu:

1. Kioo kinafunguliwa na kunyanyuka. Bawaba ziko juu, ukingoni mwa paa, kwa hiyo upande wa chini ndio unaopanda.
2. Usukani unasogea mbele pamoja na mhimili wake. Vitu hivi viwili vimeunganishwa kwa haidroliki: mhimili ukienda mbele, kioo kinapanda, mhimili ukirudi, kioo kinashuka.
3. Unakanyaga puani mwa gari, kwenye kipande cheusi cha mpira. Kipande hicho watu wengi hudhani ni pambo. Ni ngazi. Ukikanyaga nje yake unakwangua rangi.
4. Unageuka uangalie gari linakoelekea, unajishusha kitini, unanyoosha miguu mbele kati ya magurudumu. Hapo hukai tena, unalala nusu.
5. Unauvuta usukani kifuani, kioo kinajifunga juu yako.

Kutoka ni kinyume chake, ila ni kugumu zaidi, kwani unajiinua kutoka chini bila cha kushika pembeni. Kosa la kawaida ni kushika ukingo wa kioo kilichonyanyuliwa ili ujivute. Ukingo huo haukutengenezwa kubeba uzito wa mtu, na bawaba zikipinda, kioo hakikai tena sawa kwenye mpira wake.

Saa za dashibodi ziko wapi? Mbele ya dereva hakuna kitu.

Ziko kushoto kwa dereva, pembeni, kwenye bamba la plastiki la kijani linalopitisha mwanga. Haingewezekana kuziweka mbele: mahali ambapo dashibodi ingekaa ndipo kioo kinapoanzia na ndipo miguu inapopita. Dereva analazimika kugeuza macho kuelekea kushoto na chini kusoma kasi, jambo ambalo kwenye maonyesho halina neno. Kwenye barabara ya milimani lina neno kubwa.

Injini ni ya nini? Nimesoma mahali kwamba ni ya Ferrari.

Hapana. Injini ya Ferrari Dino iliwekwa kwenye Stratos HF ya mashindano iliyokuja baadaye. Zero ina injini ya Lancia Fulvia 1.6 HF: silinda nne za V nyembamba, sentimita za ujazo 1,584 (kipenyo cha silinda milimita 82, mwendo wa pistoni 75), nguvu za farasi 115, na giaboksi ya gia tano.

V ya Lancia si kama V za wengine. Pembe kati ya pande mbili ni ndogo sana, karibu digrii 11 kwenye 1.6, hivyo silinda zote nne zinafunikwa na silinda hedi (mfuniko wa juu wa injini) moja. Humo kuna kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mbili, moja ya valvu za kuingiza na moja ya valvu za kutoa. Faida yake ni ufupi. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ingechukua nafasi ndefu zaidi nyuma ya viti, na kwenye gari la milimita 3,580 kila sentimita ina mwenyewe.

Fulvia huvuta kwa magurudumu ya mbele. Ilikuwaje injini yake ikafaa gari la kuvuta kwa nyuma?

Hapa ndipo werevu wa kazi hii ulipo, na picha hazikuonyeshi.

Kwenye Fulvia injini imelala kwa urefu wa gari, mbele ya ekseli ya mbele, na giaboksi iko nyuma ya ekseli hiyo. Sasa uchukue mfumo wote, injini, klachi, giaboksi na shafti za magurudumu, uupeleke nyuma ya gari vilevile ulivyo bila kuugeuza. Injini inajikuta mbele ya ekseli ya nyuma, yaani katikati ya gari, nyuma ya mgongo wa dereva. Giaboksi inajikuta nyuma kabisa. Mzunguko wa magurudumu unabaki uleule, kwa hiyo huna haja ya kupindua gia za difu (zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili). Mtu angeugeuza mfumo huo nyuma mbele, gari lingekuwa na gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma, mpaka difu ibadilishwe.

Jambo la pili: ndani ya Fulvia injini haikusimama wima. Imeinamishwa kwa digrii 45. Ulalo huo ulikuwa umewekwa ili boneti ya Fulvia ishuke, na kwenye Zero ukawa riziki, kwa kuwa injini iliyosimama wima isingeingia chini ya bodi yenye kimo hicho.

Kinachobaki kuwa kazi ngumu ni vyuma vya kubadilishia gia. Kwenye Fulvia kijiti na giaboksi vinakaa karibu. Kwenye Zero giaboksi iko mwisho wa gari, kwa hiyo fimbo lazima ipite pembeni au chini ya injini. Kila kiungo kinachoongezwa kinaleta ulegevu kidogo, na ulegevu wa viungo vitatu vinne ukijumlishwa, dereva anatafuta gia ya tatu anaipata ya tano. Mafundi wa magari yote yenye injini ya katikati wanaujua ugonjwa huu.

Springi na breki je?

Za Fulvia pia. Springi ya mabamba iliyolazwa kwa upana wa gari, ambayo kwenye Fulvia huwa mbele, hapa imehamia nyuma. Ni mantiki ileile: kama injini, giaboksi na shafti zinahama pamoja, kuhama na springi zake kunaokoa kazi nyingi, kwani vituo vya kufungia tayari vinalingana. Breki ni diski kwenye magurudumu yote manne.

Kwa mwenye kazi ya kulitunza gari hili, maana yake ni nafuu: plagi, pakingi, brekipadi, bearing, vitu vya klachi, vyote hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya Fulvia, gari lililotoka kwa wingi. Asichoweza kununua popote ni bodi, kioo cha mbele, vioo vya taa na bamba la saa. Kimoja kati ya hivyo kikivunjika, dawa ni kukitengeneza upya kwa mkono.

Injini inapoaje ikiwa mbele hakuna tundu la hewa?

Swali zuri. Pua ya Zero ni wembe, haina grili. Hewa ya injini inashughulikiwa nyuma, na kazi ya kuivuta inafanywa na feni mbili za umeme. Juu ya injini kuna mfuniko wa pembetatu wenye mapezi, na sehemu ya mkia ni wavu mtupu. Joto linapanda kupitia mapezi na kutoka kupitia wavu.

Kasoro ya mpangilio huu iko wakati gari linakwenda polepole. Rejeta (kifaa cha kupoza maji ya injini) iliyo mbele hupigwa na upepo wa mwendo, hata kama feni imekufa. Rejeta iliyojificha nyuma inategemea feni peke yake katika foleni. Injini hutupa kwenye maji joto linalokaribiana na nguvu inayopeleka kwenye magurudumu. Kwa farasi 115 hiyo ni makumi ya kilowati inapokuwa imebanwa hadi mwisho. Foleni haifiki huko, lakini feni moja ikikwama, sindano ya joto haichelewi kupanda. Ndiyo maana wanaoliendesha gari la namna hii kwenye maonyesho huangalia kwanza fyuzi na rilei (swichi za sumaku-umeme) za feni kabla ya kuangalia kitu kingine, na hawaliachi likiunguruma mahali pamoja kwa muda mrefu kwa ajili ya wapiga picha.

Taa zake zikoje?

Mbele kuna safu nyembamba ya taa kumi, kila moja wati 55, zimepangwa kwa upana wa pua. Nyuma kuna balbu ndogo 84 zilizozungushwa ukingoni mwa mkia kama utepe. Indiketa huwaka kwa mfuatano, kutoka katikati kwenda pembeni. Leo magari mengi yana indiketa za kutembea na watu huziona kuwa mambo ya juzi.

Piga hesabu kidogo ya hizo taa za mbele. Kumi mara 55 ni wati 550. Kwa umeme wa volti 12 hiyo ni ampia 46, kabla hujawasha feni mbili za injini wala kitu kingine. Magari madogo ya miaka ile hayakutengenezwa kubeba mzigo huo. Waya lazima uwe mnene, rilei zaidi ya moja, na swichi isipitishiwe mkondo wote. Fundi akiunganisha safu nzima kupitia swichi moja ya dashibodi, swichi itayeyuka. Kwa gari la kuwashwa dakika chache jukwaani, betri iliyojaa inatosha.

Lilikuwa gari kweli, au sanamu la kutazama?

Gari kweli. Linawaka, linatembea, linakata kona. Na safari yake iliyo maarufu kuliko zote ilikuwa fupi: Nuccio Bertone aliliendesha mwenyewe barabarani hadi kwa Lancia, kwenda kuonana na wakubwa. Inasimuliwa kwamba alipofika getini hakusubiri mlinzi ainue kizuizi. Alipita chini yake, na wafanyakazi wakashangilia. Kwa kimo cha sentimita 84, jambo hilo halihitaji miujiza.

Waliokuwa wanamsubiri ni pamoja na Pierugo Gobbato, aliyeongoza Lancia wakati huo, na Cesare Fiorio, mkuu wa timu ya mashindano. Bertone hakwenda pale kuwauzia Zero. Alikwenda kuwaonyesha kwamba karakana yake inaweza kuchukua mitambo ya Lancia na kuifanya kitu kipya chenye injini katikati. Walielewana: Bertone atengeneze gari jipya la rali.

Basi kwa nini halikuingia kiwandani?

Kwa sababu halikukusudiwa kuingia. Wanaoliita gari "lililoshindwa" wanalihukumu kwa kazi ambalo halikupewa. Lilitakiwa kuleta mkataba, likaleta.

Lakini swali linaweza kuulizwa kwa namna nyingine: kama mtu angetaka kulizalisha, nini kingemkwamisha? Mambo haya, kwa uzito wake.

La kwanza ni kutoka ndani wakati wa ajali. Gari likipinduka na kulalia paa, kioo cha mbele hakifunguki, na njia nyingine hakuna. Likigonga kwa mbele, pua ikijikunja inabana ukingo wa kioo, matokeo ni yaleyale. Hakuna mkaguzi ambaye angelipitisha gari hilo, na kwa rali, ambako kupinduka ni sehemu ya kazi, halizungumziki.

La pili, miguu ya dereva iko mbele mno, kati ya magurudumu ya mbele. Mbele ya nyayo hakuna chuma cha maana cha kumeza mgongano.

La tatu ni kuona. Mbele unaona vizuri sana, barabara na anga. Pembeni kuna vidirisha vidogo. Nyuma kuna injini na mapezi. Kwenye makutano ya barabara yaliyokaa kwa pembe, dereva anakisia.

La nne, taa. Kanuni za nchi nyingi hutaka taa kubwa ziwe juu ya ardhi kwa kama nusu mita au zaidi, na pua ya Zero iko chini ya hapo. Ndiyo maana magari ya kabari yaliyofika sokoni yalitumia taa za kuchomoza, pamoja na Stratos HF na Countach.

Na joto la abiria. Kioo kikubwa kilicholala hivyo kinapokea jua karibu wima saa sita mchana, na chumba chenyewe ni kidogo. Hili halikuhitaji hata kupimwa. Atakayelala chini ya kioo hicho dakika kumi mwezi wa Agosti kule Italia ataeleza mwenyewe.

Stratos HF ilichukua nini kutoka Zero?

Vichache kuliko watu wanavyodhani. Jina, umbo la kabari, injini katikati na ufupi wa kati ya ekseli: Zero 2,220, HF 2,180. Kila kitu kingine kilianzwa upya.

HF ilionyeshwa kwanza Torino mwaka 1971, bado kazi ya Gandini. Kimo kilipanda hadi milimita 1,114. Milango ikawa ya kawaida, na ndani ya kila mlango kukawa na mfuko mkubwa wa kutosha kofia ya dereva. Pua nzima na mkia mzima vilifunguka kama maganda mawili ya chaza, ili mafundi wafikie kila kitu kwa dakika chache usiku porini. Kioo cha mbele kiliinuka na kuzunguka kama cha kofia ya rubani. Injini ikawa V6 ya Ferrari Dino, lita 2.4, farasi 190 kwa gari la barabarani. Enzo Ferrari hakuwa na haraka ya kuzitoa injini hizo, na ucheleweshaji huo ulikula muda mwingi.

Magari ya barabarani yaliyotoka hayakufika 500. Yalitosha kupata kibali cha mashindano mwaka 1974, na Lancia wakachukua ubingwa wa dunia wa rali mwaka huohuo, 1975 na 1976.

Stratos iliwahi kushinda Safari Rally?

Wasomaji wa Kenya na Tanzania huuliza hili kila mara, na wengi hukumbuka gari lenyewe. Haikushinda. Mwaka 1975 ilikaribia: Sandro Munari alishika nafasi ya pili na Björn Waldegård ya tatu, nyuma ya Ove Andersson kwenye Peugeot 504. Mwaka 1976 mbio zilikuwa za Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Mwaka 1977 Munari alirudi akamaliza wa tatu, na ushindi ukaenda kwa Waldegård, safari hii akiwa kwenye Ford Escort.

Sababu si kasi. Gari fupi lenye injini katikati linageuka haraka sana, na hiyo ni neema kwenye lami ya Corsica na Monte Carlo. Kwenye kilomita elfu kadhaa za makorongo na matope ya Kenya, wepesi huo wa kugeuka unamchosha dereva, na gari la familia lenye springi ndefu kama 504 linapita taratibu na kufika. Wapenzi wa Stratos hawapendi kuambiwa hivyo, lakini matokeo ya miaka hiyo mitatu yapo.

Gari lenyewe liko wapi sasa, na liliuzwa bei gani?

Lilibaki mikononi mwa Bertone kwa miaka mingi na kurekebishwa upya mwaka 2000. Kampuni ilipoanguka kifedha, magari sita ya mkusanyiko wake yalipigwa mnada na kampuni ya minada ya RM kule Villa d'Este, kando ya Ziwa Como, tarehe 21 Mei 2011. Zero ilikwenda kwa euro 761,600. Siku hiyohiyo Lamborghini Marzal ya 1967, nayo moja tu duniani, ilifika euro 1,512,000. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ya bei haikulingana na uzito wa magari yenyewe: Marzal ilizaa Lamborghini Espada, gari zuri, lakini Zero ilizaa bingwa wa dunia mara tatu.

Tangu hapo liko kwa mmiliki binafsi Marekani na huonekana mara kwa mara kwenye makumbusho na maonyesho ya magari ya zamani.

Picha nyingine lina rangi ya fedha, nyingine kahawia. Ni magari mawili?

Ni lilelile. Lilianza na rangi ya kahawia inayong'aa kama shaba, likapakwa fedha, na lilipofanyiwa matengenezo ya 2000 likarudishiwa rangi yake ya mwanzo. Gari la fedha ambalo Michael Jackson anajigeuza kuwa katika filamu yake ya 1988 ndilo hili, wakati wa rangi yake ya pili.

Angalia pia usilichanganye na Lancia Sibilo ya 1978, nyingine ya Bertone iliyotengenezwa moja. Sibilo ni ya kahawia pia na ina umbo la kabari, ila ni ndefu na ya juu zaidi, ina milango ya pembeni, na chini yake kuna chasisi ya Stratos HF iliyorefushwa sentimita kumi. Ukiona mlango ubavuni, si Zero.

Nataka kutengeneza kinyago chake. Vipimo gani?

Gawanya vipimo vya juu kwa skeli (uwiano wa kupunguza ukubwa) unayotaka. Kwa haraka:

- 1:18: urefu 198.9, upana 103.9, kimo 46.6, kati ya ekseli 123.3
- 1:24: urefu 149.2, upana 77.9, kimo 34.9, kati ya ekseli 92.5
- 1:43: urefu 83.3, upana 43.5, kimo 19.5, kati ya ekseli 51.6

Zote ni milimita. Angalia uwiano kwanza: upana ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Kosa la vinyago karibu vyote vya mkono ni kimo kuzidi, kwa sababu jicho limezoea magari ya kawaida na mkono unaongeza chumvi bila kuambiwa. Katika 1:24 milimita tatu za ziada ni sentimita saba kwenye gari halisi, na hapo umeshatengeneza gari jingine. Kata kipande cha kadibodi chenye urefu wa milimita 34.9, ukipitishe juu ya paa kama rula kila unapopiga msasa.

Kosa la pili ni kulainisha kingo. Zero ni mikunjo mikali ya karatasi. Ukitumia putty, ikaushe kabisa, kisha piga msasa ulioviringishiwa kibao kigumu, si kidole. Kidole kinafuata bonde na kuviringa kona. Anza na namba 240 kwa umbo, maliza na 600 kabla ya praima. Praima nene inajaza mapezi ya mfuniko wa injini, kwa hiyo nyunyiza matabaka mawili membamba.

Naweza kukiwekea taa kumi zinazowaka?

Katika skeli ya 1:8, ambapo kinyago kinafika milimita 447.5, nafasi inatosha. Tumia LED nyeupe kumi. Ziunge mbili mbili kwa mfuatano, upate jozi tano, na kila jozi uipe rezista yake. Kwa betri ya volti 9 na LED za takriban volti 3.1, jozi inakula 6.2 na kubakiza 2.8, rezista ya omu 150 inakupa kama miliampia 19 kwa jozi, jumla karibu 95. Betri ndogo ya mraba itadumu saa chache tu, hivyo weka swichi.

Usitumie rezista moja kwa jozi zote tano. LED hazilingani kabisa hata zikitoka pakiti moja: jozi yenye volti ndogo kuliko wenzake itavuta mkondo mwingi zaidi, itapata joto, itavuta zaidi tena, na itaungua ya kwanza. Baada yake zilizobaki zinagawana mkondo wake, na zinafuata.

Balbu 84 za nyuma usijaribu moja moja. Chukua ukanda mwembamba wa akriliki mwekundu, uzungushe ukingoni mwa mkia, uweke LED nyekundu nne au sita nyuma yake, kisha upige msasa upande wa ndani wa ukanda ili mwanga usambae badala ya kuonekana vituo vituo.